Wenye Ng'ombe Hawakuja

Siku niliyotumwa kumkagua ng'ombe wa shangazi, banda lilikuwa tupu. Lilikuwa limefagiliwa vizuri. Majani ya tembo yalikuwa yamekatwa na kujazwa kwenye hori, juu yameanza kunyauka, na ndoo ya maji ilikuwa imefunikwa sinia ili kuku wasiingize midomo. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikatazama kwenye viazi, nikarudi.

Nilikuwa nimeshika simu ya kampuni ya maziwa iliyoniajiri. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kupiga picha hereni ya njano kwenye sikio la kushoto la ng'ombe, namba isomeke, kisha kutuma. Simu ilijua yenyewe picha imepigiwa wapi, kwa hiyo huwezi kumpiga picha ng'ombe wa mjini Katesh ukasema ni wa Gitting, kijijini kwa shangazi.

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Nimekuuliza kama umekula."

"Nimekula. Ng'ombe yuko wapi?"

"Hujala. Mtu aliyekula haongei kwa haraka hivyo." Alipepeta ungo, akapuliza maganda. "Yuko salama. Yuko Hirbadaw."

Nilikaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Hirbadaw ni kule chini, kwenye joto na kupe, na ng'ombe yule alizaliwa kwenye banda la saruji na kunywa maji ya bomba. Mkataba ulisema asitoke bandani bila ruhusa ya kampuni. Akitoka, kampuni inamchukua. Shangazi aliuwekea dole gumba. Chini ya dole gumba lake, kwenye nafasi ya shahidi, kulikuwa na sahihi yangu.

Tangu mumewe afariki, shangazi alikuwa akibeba viazi vya watu mgongoni kutoka mashambani hadi barabarani. Ng'ombe alipozaa mara ya kwanza, ndama dume, shangazi alianza kupeleka maziwa kituoni na akaacha kubeba mizigo. Mgongo wake ulinyooka. Hilo nililiona kwa macho yangu. Ng'ombe akiondoka, angerudi kwenye magunia, naye umri ulikuwa umeshapita.

Kabla ya kampuni nilipakia vitunguu swaumu Mbulu, nikafuata mashine ya kuvuna ngano Basotu, nikachekecha mawe Mererani, nikauza soksi mnadani Haydom. Shule niliiacha kidato cha pili. Watu hudhani ni ada, na ada kweli ilikuwa tatizo, lakini zaidi nilikuwa nimechoka kukaa. Popote nilipofanya kazi nilikuwa na ugonjwa mmoja wa kuuliza kitu kinakwenda wapi. Kitunguu hiki kinakwenda wapi? Arusha. Kutoka Arusha? Mpakani. Na baada ya mpaka? Hapo mwenye lori alikuwa akiniambia, "Pakia au ondoka." Nilibaki na picha ya kitunguu cha Mbulu kinavuka mpaka na kutumbukia mahali pasipo na jina.

Kwa hiyo kampuni ya maziwa ilipokuja Hanang kutoka nchi jirani, nilikuwa wa kwanza kufika kwenye mkutano wa kijiji. Safari hii kulikuwa na kitu kinachokuja kutoka upande ule, nami nilitaka kukiona.

Meneja wao alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, daktari wa mifugo kwa elimu, amevaa mabuti mapya ya mpira. Alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akasema kwa sauti kubwa, "Habari zenu, wazee!"

Wazee walinyamaza. Huku kwetu kijana hamwambii mwenye mvi habari zako. Mwenyekiti alikohoa. Meneja hakuelewa kikohozi kile, akaendelea.

"Sisi si wafadhili. Hatukuleta semina wala fulana. Sisi ni ndugu zenu. Kampuni yetu ilianza na akina mama wachache kijijini kwa bibi yangu, wanapeleka maziwa mjini kwa baiskeli. Leo tuko nchi tatu. Tumekuja tukue pamoja."

Bibi mmoja pembeni yangu alisema kwa Kiiraqw, "Ndugu gani asiyejua kuamkia?" Wanawake wakacheka. Meneja naye akacheka, akidhani maneno yake yamewaingia.

Nilimpenda. Ni lazima niseme hivyo, kwa sababu baadaye itaonekana kama namsema. Alinichukua kazini kwa kuwa nilijua Kiiraqw, Kiswahili, na Kibarabaig cha kuombea maji na kuepukia ugomvi. Alinipa pikipiki na simu. Jioni tukimaliza mizunguko tulikaa kwenye hoteli moja ya Katesh tukinywa chai, nami nilimuuliza maswali yote niliyokuwa nimeyabeba tangu kwenye vitunguu. Hakuwahi kuniambia nipakie au niondoke.

"Kwetu soko limejaa," alisema siku moja. Alikuwa amepanga vifuniko vya soda mezani. "Mtaa mmoja una maziwa ya kampuni nne, zote zinamgombania mama mmoja anayenunua pakiti moja. Ukibaki pale unashusha bei mpaka unakufa. Kwa hiyo unatoka." Alisukuma kifuniko kimoja kikavuka alama ya maji iliyoachwa na glasi. "Hapa nchi ya kwanza. Hapa nyinyi."

"Kwa nini sisi? Kwa nini msiende Ulaya?"

"Ulaya wana maziwa yao, na sheria nene kama tofali. Sisi tunakwenda kwa watu tunaofanana nao. Barabara mbovu tunaijua. Umeme ukikatika, meneja wa Ulaya anaandika barua. Mimi nawasha jenereta."

"Na mkipata hasara huku?"

"Faida ya kule inatubeba. Na kule kukiwa kubaya, huku kunatubeba. Huwezi kuweka vyote mahali pamoja, ndugu yangu."

Nilicheka, nikamwambia hilo halikuhitaji chuo. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hakai nao wote. Anawawekesha. Mmoja kwa rafiki yake juu milimani, wawili kwa shemeji bondeni, mwingine kwa mtu wa kabila jingine kabisa. Anayemtunza anapata maziwa na mbolea. Ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia upande mmoja, upande mwingine unabaki. Ndugu yetu wa Jorodom, siku mlima uliposhusha matope na mawe juu ya mji, banda lake lilikwenda lote na waliokuwemo. Alibakiwa na ng'ombe mmoja tu duniani, yule aliyekuwa amewekwa Gitting kwa shangazi yangu. Shangazi alishuka naye kwa miguu, akamkabidhi mwenyewe pamoja na ndama aliyezaliwa, mbele ya watu waliokuwa bado wanachimba.

Meneja alisogeza vifuniko pembeni. Kisha alitoa daftari akaandika. Wiki iliyofuata aliniambia, "Nimewasimulia wakubwa makao makuu. Nimewaambia watu wa Hanang walianza kuvuka mipaka kabla yetu. Wamefurahi sana." Nilitembea Katesh siku ile kama mtu aliyepanda cheo. Maneno ya mtu wa kidato cha pili yalikuwa yamevuka mpaka, na safari hii nilijua yamefika wapi.

Siku ng'ombe walipogawiwa, shangazi alisimama mbele ya wa kwake na kumtazama muda mrefu. Alikuwa mtamba, hajazaa bado, mweusi na mweupe, miguu mirefu, anashangaa baridi.

"Wa nani?" aliuliza.

"Wa kampuni, shangazi. Utamtunza, maziwa utapeleka kituoni, watakulipa. Ndama jike wa kwanza utawarudishia, nao watampa mtu mwingine. Baada ya hapo mama ni wako."

"Kampuni ya nani?"

Nilijua kuna makao makuu, kuna wakubwa, na kuna watu walionunua hisa ambao meneja mwenyewe hajawahi kuwaona. Wino ulikuwa tayari, watu walikuwa kwenye foleni nyuma yetu. Nikasema lililokuwa jepesi.

"Ni kama ng'ombe wa kuwekwa, shangazi."

"Ah," alisema. Uso wake ulifunguka. "Basi nimeelewa." Akaweka dole gumba.

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyotufikisha Hirbadaw. Kuanzia siku ile shangazi hakuwa mteja wa kampuni, alikuwa mtunzaji wa ng'ombe wa ndugu. Kila nilipopita alinipa kibuyu cha mtindi nikipeleke kwa mwenye ng'ombe. Nilikipeleka kwa meneja, naye alikunywa ofisini kwa furaha na kukirudisha kitupu. Viazi vya kwanza vilipotoka alituma debe. "Mwambie mwenyewe ng'ombe wake hajambo, amekuwa mnene." Meneja alipiga picha debe, akaituma makao makuu. Alidhani ni shukrani za mteja. Shangazi alikuwa anatoa taarifa.

Kisha maksai wa jirani akatoka mapele mwili mzima. Shangazi aliyaona asubuhi akienda kuteka maji. Ng'ombe wake alikuwa na mimba ya pili na ameshakaushwa, hakamuliwi, kwa hiyo kituoni hakuna ambaye angeuliza maziwa. Kabla afisa mifugo hajafika kutangaza karantini, shangazi alimfunga kamba na kumpeleka Hirbadaw, kwa mzee wa Kibarabaig aliyekuwa rafiki wa marehemu mumewe. Mtunzaji wa kweli hufanya hivyo. Hatari ikija hungoji ruhusa. Unamkimbiza ng'ombe, halafu unamwambia mwenyewe mkionana.

"Nilijua utakuja," aliniambia siku ile ya banda tupu, maharage yakiwa magotini. "Umekuja. Nimekuambia. Sasa mwambie mwenyewe."

Sikumwambia. Niliandika kwenye simu kwamba mtandao unasumbua. Wiki iliyofuata niliandika hivyo hivyo, na miezi iliyofuata pia. Ng'ombe wawili wa wenzake pale Gitting walikufa kwa mapele, na kila nilipowaona wakifukiwa niliwaza kwamba shangazi ameshinda, na kwamba sina mahali pa kuandika ushindi huo.

Meneja naye alikuwa amebadilika. Hakupanga tena vifuniko. Alikuwa akipigiwa simu, anatoka nje, anarudi amevimba macho. Siku moja aliniambia kwamba kule kwao bei ya maziwa imeanguka, na waliokuwa wakiikopesha kampuni wanataka kuona mali yote ilipo. "Ng'ombe wote wapigwe picha kabla mwezi haujaisha," alisema. "Wote. Na wale ambao hawaonekani, nimeagizwa nipeleke majina polisi."

"Hata bibi zetu?"

"Usiniangalie hivyo. Mimi nimeagizwa."

Nilisikia neno polisi, sikusikia mengine. Nilichokiona ni shangazi yangu akiulizwa mbele ya watu ameiba ng'ombe wa nani, yeye aliyeshuka Jorodom na ng'ombe wa mtu na ndama juu yake. Ng'ombe akiwa bandani, nilijiambia, hakuna wa kumgusa. Kesho yake nilikwenda kwa afisa mifugo, mama mmoja wa Tanga aliyehamishiwa huku na anayevaa makoti mawili hata jua likiwaka.

"Nyinyi watu mna akili ya ajabu," alisema baada ya kunisikiliza. "Ng'ombe wa kisasa, mmempeleka kwenye kupe! Ungeniambia mapema ningekuchapa." Lakini karantini ilikuwa imeshaondolewa, akaniandikia kibali cha kumsafirisha na kunipa dawa ya kuogeshea.

Mzee wa Hirbadaw nilimkuta amekaa kwenye kigoda kidogo nje ya boma lake la miiba, fimbo imelala mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa yule mama wa juu?" Alinitazama viatu. "Babu zako walitukimbia na ng'ombe wao usiku na mchana. Sasa mnatuletea ng'ombe wenyewe, kwa miguu yenu. Dunia imekuwa tamu."

"Nimekuja kumchukua, mzee."

"Ah. Nilijua haiwezi kuwa tamu sana."

Ng'ombe alikuwa amekonda lakini mzima. Ngozi yake ilikuwa safi. Wake wa mzee walikuwa wakimtoa kupe kwa mikono kila siku na kumwekea majani kivulini. Pembeni yake alisimama ndama wa miezi miwili, mweusi mtupu, miguu mirefu kama ya mama yake. Niliinama kutazama. Jike.

"Huyu hawezi safari," mzee alisema. "Ninaye ng'ombe aliyepoteza ndama wake, atamnyonyesha. Mwache." Halafu akaniuliza, "Mwenyewe ni nani hasa?"

"Kampuni."

"Amekuja kumwona tangu alipomtoa?"

"Hapana. Hata wao hawajuani wote."

Alifikiri. "Basi usiharakishe kumrudisha. Mtu asiyemjua ng'ombe wake, siku akimkumbuka huwa ana shida."

Nilimsikia, lakini nilikuwa na neno polisi kichwani. Nilimfunga ng'ombe kwa kamba ya shangazi, kamba nene ya katani aliyoisokota mwenyewe, nikaondoka. Tulitembea siku mbili. Kwato zake zilikuwa laini, alichechemea kwenye kokoto, na kila baada ya hatua chache aligeuka nyuma akamlilia ndama. Jorodom tulilala kwa yule ndugu yetu, ambaye uani mwake bado kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yake mpya. Alimshika ng'ombe shingo, akasema, "Huyu anatoka kuwekwa au anakwenda?" Nilijibu anarudi nyumbani.

Gitting nilimwingiza bandani, nikampiga picha hereni, namba ikasomeka, nikatuma. Simu ikaandika: imepokelewa. Shangazi alimwogesha, akamkanda miguu kwa maji ya moto. Hakunilaumu kumleta. Aliuliza tu, "Umeshamwambia mwenyewe kuhusu ndama?" Nikasema nitamwambia.

Siku nne baadaye lori lilikuja.

Sikuwa nimejua picha zile zilikuwa za nini. Nilidhani wanahesabu ili wakae. Walikuwa wanahesabu ili waondoke. Meneja alinieleza nje ya ofisi, haraka, bila kunitazama: makao makuu yameamua kufunga nchi mbili na kuokoa nyumbani. Kituo kitafungwa. Ng'ombe ambao ndama wao jike amesharudishwa wanabaki kwa wakulima. Wengine wote ni mali ya kampuni, wameshapata mnunuzi. Wasioonekana kwenye picha wamefutwa tu kwenye orodha. Kumtafuta mmoja mmoja ni gharama kuliko ng'ombe mwenyewe.

"Polisi?" niliuliza.

"Ilikuwa ni ya kuwatisha," alisema. "Samahani."

Kama nisingekwenda Hirbadaw, ng'ombe angekuwa wa shangazi. Nilimwelewa meneja mara moja, sikuhitaji kuelezwa tena, na bado nilimuuliza mara tatu ili nimsikie akisema.

Nilipanda naye lori hadi kwa shangazi. Alishuka, akavua kofia, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama." Alikuwa amejifunza. Alisema vizuri kabisa, kama mtu wa hapa.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mwenyewe amekuja?"

"Mwenyewe?"

"Mwenye ng'ombe. Naona lori. Ng'ombe wa kuwekwa hachukuliwi na kijana wa kutumwa. Mwenyewe anakuja, anakaa, anakunywa, tunamwambia ng'ombe ameishije, ndipo anafungua kamba."

Meneja alinitazama. Sikumsaidia. "Mama, wenyewe ni wengi," alisema. "Wako mbali."

"Waje wengi. Nitapika."

"Hawawezi kuja, mama."

"Wana msiba?"

Akasema jambo ambalo nadhani lilikuwa la kweli. "Ndiyo. Kama msiba."

Shangazi alitikisa kichwa. Msiba anauelewa. Aliingia bandani mwenyewe, akamtoa ng'ombe. Meneja alimpapasa ubavu kwa mazoea ya kazi, na mkono wake ukashuka hadi kwenye kiwele. Kilikuwa kimejaa. Mtu aliyesomea mifugo hawezi kukosea kiwele cha ng'ombe aliyezaa. Mkono ulisimama pale.

"Na ndama wao watamchukua lini?" shangazi aliuliza. "Yuko Hirbadaw. Ni jike."

Nilifumba macho. Meneja aliondoa mkono, akaufuta kwenye suruali.

"Ndama yupi, mama?" alisema kwa sauti ya chini, akageuka kwenda kwenye lori.

Najua alichokuwa anafanya. Alikuwa anamwachia kitu, kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Lakini shangazi alibaki amesimama kama mtu aliyetemewa mate. Wapakiaji walimpandisha ng'ombe kwenye ubao, akateleza, akapanda. Ndipo shangazi akapaza sauti kwa wapakiaji: "Kamba ni ya kwangu!" Wakaifungua, wakamrushia.

Hilo ndilo lililomuumiza kuliko magunia aliyorudi kuyabeba wiki iliyofuata. Ng'ombe kuchukuliwa ni kawaida. Mwenye mali anaweza kumhitaji. Lakini mwenye mali kumkana ndama wake, mbele ya mtunzaji? Hajawahi kusikia. Nilimweleza kwamba meneja amempa kwa kunyamaza. "Kitu hakitolewi kwa kunyamaza," alisema. "Kinaibwa kwa kunyamaza." Nikamweleza tena maana ya kampuni, yote niliyofundishwa kwa vifuniko vya soda: soko kujaa, kuvuka, kubebana. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo walituwekeshea kwa sababu waliogopa kwao."

"Ndiyo."

"Na walipoogopa zaidi, wakakusanya. Hilo si baya. Lakini anayekusanya haachi nyuma ndama asiye na jina."

Ndama amekuwa mtamba sasa. Nilimleta kutoka Hirbadaw mwenyewe, kwa kamba ile ile. Anatosha kupandishwa, na madume yapo, lakini shangazi anakataa. Hawezi kuzalisha mali ya watu bila wao kujua. Hawezi kumuuza. Hawezi kumpa yule mzee wa Hirbadaw shukrani anayostahili, kwa kuwa si wake wa kumtoa. Wanawake wanamcheka kisimani: "Mama kampuni, matajiri wako hawajambo?" Anawajibu hawajambo. Anabeba viazi mgongoni, anapita mbele ya mtamba wa daraja la juu aliyefungwa bandani mwake, na jioni anamkatia majani.

Kituo cha maziwa kimefungwa kwa kufuli, tangi la kupoozea liko ndani. Namba ya meneja nimeitumia ujumbe mara nyingi nisizozikumbuka. Unaonyesha alama moja, haupati ya pili ya kufika. Nimeondoka Gitting, nimekwenda Haydom, nimekwenda Dongobesh, nimerudi. Kila nikirudi, baada ya kuniuliza kama nimekula, shangazi anauliza, "Wamejibu?"

Mwezi huu aliacha kuuliza. Alisema, "Wewe hujawahi kuchoka kutembea. Nenda huko kwao. Watafute, uwaambie ng'ombe wao hajambo, waseme wao wenyewe ni wa nani."

Maisha yangu yote nimetafuta mtu wa kuniambia nivuke mpaka ule nikaone vitu vinakofika. Sasa nimeambiwa, na miguu inakataa. Naliona jengo lenye vioo, na mtu mwenye tai anaangalia orodha na kuniambia hakuna ng'ombe kama huyo. Sijui nitarudi na neno gani kwa mwanamke anayengoja kuambiwa na mwenye mali.

Kibuyu kiko karibu na mlango, wiki ya pili sasa. Nisiende mikono mitupu, alisema. Siku hizi amewekewa na jirani ng'ombe mmoja wa kienyeji, wa maziwa kidogo. Kila asubuhi anaumwaga mtindi wa zamani kwa mbwa, anakisugua kibuyu kwa kaa la moto, anakijaza upya, na kukirudisha pale pale nitakapokiona nikitoka.